Mwalimu wa Mashine Zisizotoboa

Mtu wa kwanza kunidharau kwa sababu ya grisi alikuwa Mwalimu. Nilikuwa nimefungua duka langu la vipuri vya pikipiki hapa Lodwar, ukuta kwa ukuta na ua wake, na bado nilikuwa na ile furaha ya mwenye duka jipya, ya kupanga makopo na kuyapangusa vumbi hata pasipo vumbi. Akaingia mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni katika joto hili letu. Akachukua kopo la grisi, akalifungua bila kuuliza, akatia kidole, akakinusa.

"Hii ni ya toroli," akasema.

"Ni grisi nzuri, Mwalimu. Watu wa boda boda wote wanachukua hii."

"Ndiyo maana nikasema ni ya toroli."

Akakifuta kidole kwenye kaunta yangu, akaenda zake.

Nimekaa jirani na mtu huyo miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu. Wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, huwajibu kwamba alikuwa mtu wa bure. Lakini jibu hilo huniacha na kiu, maana watu wa bure ni wengi na hawasumbui akili. Huyu amenisumbua.

Alitoka Kenya, kama tunavyosema sisi watu wa Turkana, kana kwamba tunaishi nchi nyingine. Kenya sehemu gani, sikuuliza, naye hakusema. Alifundisha kazi ya chuma katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini mpaka akastaafu, na wakati wenzake walipopanda basi kurudi kwao, yeye alibaki. Watu walidhani amebaki kwa sababu ya mkewe, mwanamke wa Kaikor, mrefu, mcheshi, ambaye hakuna aliyeelewa alimwona nini. Haikuwa hivyo. Alibaki kwa sababu mashine zake zilikuwa nzito mno kuhamisha.

Zilikuwa nne. Drili za kusimama, zile za karakana: nguzo ya chuma, juu kichwa chenye mota na mikanda, katikati meza ndogo ya kuwekea kazi, na pembeni mpini wa kushushia biti taratibu mpaka iume chuma. Zina kazi moja tu duniani, kutoboa tundu lililonyooka. Drili ya mkononi hutoboa pia, lakini mkono wa mtu huchoka, hupinda, na tundu hupinda nao. Zake zilikuwa za zamani, zimetengenezwa ng'ambo kabla hatujazaliwa. Moja aliitoa chuoni walipoleta mpya. Nyingine aliikuta kwenye karakana ya misheni iliyofungwa, kuku wametagia chini yake. Mbili zilipanda lori kutoka chini huko Kenya, zikafika hapa zikiwa rundo la kutu ambalo hata wanunuzi wa vyuma chakavu wangeligeuzia uso.

Sitamnyima haki yake. Kazi aliijua. Alikuwa na chumba cha bati nyuma ya nyumba, kikubwa kuliko nyumba yenyewe, na mara nyingi nilipompelekea beringi au mkanda nilisimama mlangoni nikamtazama. Alizivunja mashine zile vipande vipande, akaviloweka vyuma kwenye mafuta ya taa siku nyingi, akavisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, kisha kwa kitambaa. Wanafunzi wa zamani, huko zilikotoka, walikuwa wametoboa kazi zao mpaka biti ikapita na kuchimba meza. Meza zile zilikuwa na madonda kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Alijaza kila donda kwa chuma cha kuchomelea, akapiga tupa mpaka ukipitisha kiganja huwezi kuhisi kitu. Alikwangua rangi juu ya rangi mpaka akaikuta ile ya kwanza kabisa, kisha akaitafuta inayofanana nayo mpaka Kitale. Mwisho alifunga fimbo nyoofu kwenye taya zinazoshika biti, akazungusha kwa mkono, akachuchumaa kuitazama ncha. Kama ncha ilitetemeka hata kidogo, alivunja mashine yote upya.

Na hapa kwetu adui wa mashine si maji, ni vumbi. Kila alasiri upepo unakuja na mchanga, na mchanga unapenda mafuta. Basi alizifunika. Alianza na magunia, akasema yanaacha nyuzi. Akaja kwenye shuka za mkewe. Mwishowe, kliniki ilipogawa vyandarua, alichukua vile viwili walivyopewa akavishona vizuri, mishono midogo ya fundi cherehani, vikawa nguo za mashine.

Mkewe alinihadithia hayo akicheka, ameegemea kaunta yangu. "Nikamwambia, Mwalimu, hii neti ni ya kitanda. Akaniambia mbu anauma mara moja, lakini vumbi anauma mpaka ndani."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema basi mimi nitalala kwa mashine."

Msimu ule wa mvua mkewe alishikwa na malaria, akalazwa. Mwalimu alikwenda kumwona hospitalini, sisemi hakwenda. Alikaa kando ya kitanda, kisha akagundua kwamba gurudumu moja la kitanda lilikuwa limelegea, akakaza nati yake kwa vidole, akawa amemaliza aliyoyajia.

Nyumba yao yenyewe ilikuwa aibu. Mlango wa mbele ulishikiliwa na waya. Bomba la tangi lilivuja mpaka mbuzi wa mtaa wakalijua. Mtu ambaye hangeweza kula kama fimbo imetetemeka unywele mmoja aliishi katika nyumba ambamo hapakuwa na kiti kisichoyumba. Nilimwuliza siku moja kwa nini hatengenezi mlango. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hali nyasi. "Ule ni mlango," akasema.

Kuna jambo moja alinipa, na nitalisema ili nisionekane ninadhulumu. Alinifundisha kusikiliza beringi. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini wake unaubana sikioni, na beringi iliyoanza kufa utaisikia inatafuna kokoto. Mpaka leo ndivyo ninavyochagua beringi za mtumba, na wateja wananiita mganga. Alinifundisha bila kuombwa, kwa subira, akinishika kiwiko ili kisitikisike. Dakika zile nilimpenda. Kisha akaniambia, "Sasa angalau utajua unachowaibia watu," na upendo ukaisha.

Maana dharau ndiyo iliyokuwa pumzi yake. Aliwadharau mafundi wa jua kali, aliidharau drili mpya ya bei rahisi, aliwadharau walimu waliomfuata chuoni. Sisi watu wa Lodwar alituweka pamoja katika msemo mmoja: "Wanataka tundu, hawataki kutoboa." Na wa pili, aliousema kama wengine wanavyosema bismillahi: "Mkono ovyo, roho ovyo."

Ningemsamehe yote hayo. Wazee wengi wana ndimi chungu. Ila mashine zile hakuzipata kwa kuzipenda tu. Alizipata kwa ahadi. Mkuu wa chuo alipompa ile ya kwanza, na watu wa misheni walipompa ya pili, aliwaambia kwamba atafungua mahali nyumbani pa kuwafundishia vijana wasio na karo. Nilikuwapo aliposema, kanisani, mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Vijana wakaja. Aliwaketisha chini, akampa kila mmoja kipande cha chuma na tupa, akawaambia wakisawazishe mpaka kikae juu ya kioo bila kupitisha mwanga. Walipiga tupa wiki, wakapiga mwezi. Kila alichoangalia alikitupa kwenye ndoo. Mmoja mmoja walirudi kuendesha boda boda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuugusa mpini wa mashine.

Jumapili baada ya ibada alizivua vyandarua, akaziwasha moja baada ya nyingine bila biti, bila kazi mezani. Tulisikia ng'ambo ya ukuta zikiunguruma laini kama paka. Alizisikiliza, akazizima, akazivika. Hiyo ndiyo kazi ziliyofanya.

Sasa nisimulie habari ya Ekiru, maana hapo ndipo nilipoacha kumcheka Mwalimu.

Ekiru ni mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa utingo wa lori, lori likapinduka njia ya Lokichar, na tangu siku ile miguu yake haimsikii. Alijifunza kujiburuta. Mchanga wetu saa sita unaiva kama kikaango, kwa hiyo alivaa sandali za tairi mikononi. Watoto walimzoea, mbwa pia, lakini mimi sikuzoea. Kila nikimwona anakuja dukani chini kule, usawa wa magoti ya watu, nilitafuta kitu cha kupanga kwenye rafu.

Nikasikia kwamba kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna fundi Mkongomani, Bahati, anayetengeneza baiskeli za magurudumu matatu za watu wasiotembea, za kuendeshwa kwa mikono. Nikamtafuta. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kucheka haraka. Akampima Ekiru kwa kamba, akaunda fremu, kisha akaja nayo Lodwar akiwa na shida moja. Mashimo ya ekseli za nyuma lazima yanyooke. Drili yake ya mkononi ilikuwa inayumba.

"Jirani yangu ana mashine nne za kazi hiyo," nikamwambia, na nikajiona mtu mwenye bahati.

Tukaingia uani asubuhi, Bahati na fremu yake begani, Ekiru akijiburuta nyuma yetu. Mwalimu alikuwa karakanani anapangusa ile ya kijani, kipenzi chake.

"Bonjour, Muzee Mwalimu," Bahati akasema na kuinama kidogo. "Mi natoka Kakuma. Niko naomba tu ruhusa kidogo. Matundu mbili, basi, ya baiskeli ya huyu kijana."

Mwalimu hakuitazama fremu. "Ulijifunzia wapi?"

"Kwetu, Uvira. Kwa baba yangu."

"Na baba yako?"

"Kwa kazi, Muzee."

"Basi hakujifunza. Onyesha mikono."

Bahati akaitandaza. Ilikuwa mikono ya fundi, weusi wa mafuta umeingia kwenye mistari ambako sabuni haifiki. Mwalimu akaitazama kitambo, kisha akavuta chandarua juu ya ile ya kijani, polepole, kama mtu anayefunika maiti.

"Mwalimu," nikasema, "basi toboa wewe mwenyewe. Ni kushusha mpini mara mbili."

"Nikitoboa leo, kesho ua umejaa. Na chuma hicho ni cha kitanda. Kitaniharibia biti." Akamgeukia Ekiru, ambaye alikuwa amekaa kizingitini akitweta, na kwa sauti nzuri kabisa akamwambia, "Pole, kijana."

Ekiru akajibu, "Asante, Mwalimu." Sijui kwa nini alishukuru. Ndivyo alivyolelewa.

Bahati alitoboa kwa drili ya mkononi, kivulini mwa duka langu, na Ekiru akashika fremu. Akajitahidi. Kwa macho ilionekana sawa. Ekiru akapanda, akazungusha, akaenda mpaka sokoni na kurudi, na mimi nikalia mbele ya wateja bila haya. Alikuwa usawa wa watu tena. Lakini gurudumu la kushoto lilikaa limeinama kidogo mno, na kila siku lilikuwa likiila pini yake. Akiteremka kuelekea daraja la Turkwel, pini ikakatika. Gurudumu likaenda zake, yeye akarushwa, na mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Mkono ule ndio uliokuwa mguu wake. Alikaa ndani mvua nzima, amelazwa kama mzigo, hawezi hata kujiburuta.

Mwalimu aliposikia alikuja dukani. Nilidhani amekuja kutoa pole.

"Tundu lilipinda," akasema. "Si nilisema? Mkono ovyo."

Nikamwambia atoke. Nilimwambia kwa Kiturkana, ambacho baada ya miaka yote ile alikuwa hajajifunza zaidi ya salamu ya *ejok*, lakini alielewa. Siku ya pili yake akaja kununua mkanda, akasimama kaunta kana kwamba hakuna kitu. Nikamuuzia. Duka ni duka.

Aliyefanya kitu alikuwa mkewe. Mwalimu alisafiri kwenda kumzika kaka yake huko kwao, na basi lake halijafika Kainuk mwanamke yule alikuwa mlangoni pangu, leso ameifunga kiunoni.

"Mama Vipuri, wewe iko na gari ya kwenda Kakuma?"

"Ya mizigo, leo mchana. Unasafiri?"

"Mimi hapana. Nataka kutuma mgeni."

"Mgeni gani?"

"Yule anakaa kwangu siku nyingi, anavaa neti yangu, na hafanyi kazi."

Wanaume wanne waliipandisha ile ya kijani. Yeye mwenyewe aliivua chandarua kwanza, akakikunja, akakiweka kwapani. "Hii inabaki," akasema.

Mashine ilikaa Kakuma muda mfupi, lakini watu wa pale wanauzungumzia muda huo mpaka leo. Karakana ya Bahati ilikuwa bati juu ya miti, na kelele za lugha zote: Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kifaransa, Kiswahili chao cha kuimba. Matundu yalitoka manyoofu kama yamechorwa. Baiskeli zilizokuwa zimekwama zikasimama. Watu wakaja kuangalia tu, wakaketi, wakatazama chuma kikijikunja kutoka kwenye biti kama maganda ya chungwa. Ekiru, mkono umeunga, alipelekwa huko kupimwa upya.

Mwalimu aliporudi hakupiga kelele. Mkewe aliniambia kwamba alisimama mbele ya nafasi ile tupu, akauliza, "Iko wapi?" naye akamjibu, "Imeenda kazi." Kisha akaja kwangu, shati limefungwa hadi kooni, akaniomba nimchukue gari likienda. Nilimchukua. Njiani nilijiambia kwamba mtu aliyeipenda mashine hivyo, akiiona inafanya kile ilichoumbiwa, lazima kitu kitalegea ndani yake. Niliamini hivyo mpaka tulipoingia Kakuma.

Tulimkuta mwanamke wa Sudan Kusini kwenye mpini, gongo la kutembelea kwapani, anatoboa. Kando yake ilikuwa fremu ya Ekiru, na Ekiru mwenyewe amekaa juu ya ndoo. Kelele zikazimika. Yule mwanamke akazima mota, akasogea.

Mwalimu akainamia meza. Mafuta, vumbi, vipande vya chuma. Akapangusa kwa kiganja, na pale katikati palikuwa na kidonda kipya, kidogo, cha duara.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," yule mwanamke akasema. "Biti ilishuka."

Bahati akaja mbio na kipande cha fremu. "Muzee, karibu, karibu. Mashini yako inafanya muzuri sana. Angalia hii."

Mwalimu akakipokea. Akatoa mfukoni kipimo chake cha chuma, kile chenye taya mbili, akapima tundu upande mmoja, akapima upande wa pili, akakiinua kipande dhidi ya mwanga.

"Ni sawa," akasema.

Bahati akacheka kwa furaha. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Ipakieni," Mwalimu akasema.

"Muzee?"

"Mashine. Ipakieni kwenye gari."

"Muzee, kwa huyu yamebaki matundu mbili tu. Acha tumalize, tafadhali. Kisha unaenda nayo."

"Ipakieni."

Ekiru ndiye aliyesema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Mwalimu, mimi nilikukosea wapi?"

Mwalimu akafikiri, akamjibu kwa uaminifu wake wote. "Hujanikosea. Meza ndiyo iliyokosewa."

Bahati aliingia kwake, akatoka na blanketi lake mwenyewe, akaifunga mashine ili rangi isichubuke njiani. Alisaidia kuinyanyua. Blanketi lile halikurudi Kakuma. Mwalimu alikataa kukaa mbele na mimi. Alikaa nyuma kwenye jua, mikono ameizungushia nguzo, na kila tuta nililopita makusudi kwa kasi nilimwona kwenye kioo akiikumbatia zaidi.

Na jinsi mambo yalivyokwisha ni kwamba hatukumhitaji. Kikundi cha Bahati kilichanga, kikanunua drili mpya ya mezani, ile ile ya bei rahisi, inayopiga kelele kama kuku aliyeshikwa. Inatoboa. Ekiru alipata baiskeli yake, nyekundu, na leo anauza maji baridi stendi na ana mke anayemgombeza. Mwalimu angeweza kupendwa na watu hawa wote kwa kushusha mpini mara mbili, na hakutaka.

Mkewe aliondoka mwaka uliofuata, akarudi Kaikor kwa watu wake na mbuzi wao. Alipitia dukani kuniaga. Nikamwuliza anamwacha mzee na nani. "Na wake zake wanne," akasema. "Mkristo gani huyu." Akacheka mpaka akashika kaunta, kisha akafunga leso upya, akaenda.

Baadaye macho ya Mwalimu yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, kitu ambacho siku hizi wanatoa asubuhi na mchana unarudi nyumbani. Madaktari wa macho walipokuja kupasua, nilimpeleka mwenyewe, maana jirani ni jirani. Alikaa kwenye benchi zamu ikimkaribia, akimkazia daktari mmoja kijana jicho lililobaki na nuru. Kijana akaangusha kalamu, akaiokota, ikamponyoka tena. Mwalimu akasimama, akatafuta mlango kwa kupapasa ukuta. Nilimshika nikamsihi. "Umeiona mikono yake?" akaniuliza. Ndivyo alivyopofuka, na sikumlilia.

Mara ya mwisho kuingia karakanani kwake ilikuwa mwaka huu, baada ya mvua iliyotukuta hatujajiandaa. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati mawili ya chumba kile, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Bahati alikuwa ameniomba nijaribu tena. Sasa anawafundisha watu kazi kule Kakuma, ni wengi, na drili moja haiwatoshi. Nikaenda kwa ajili yake. Kwa ajili yangu nisingekwenda.

Mwalimu alikuwa amekaa ndani kwenye kiti, shati limefungwa, uso ameuelekeza zilipo mashine. Juu ya vichwa vyetu palikuwa na mbingu.

"Ni wewe, Mama Vipuri," akasema kabla sijafungua kinywa. "Vizuri. Nitazamie ile ya kijani. Kuna kutu?"

Nikalivua blanketi lililokuwa limeloa. Nguzo ilikuwa nyekundu. Meza ilikuwa nyekundu. Mpini ulikuwa umekwama. Nikazitazama na nyingine tatu, nazo zilikuwa vile vile, maji yametengeneza mistari mpaka sakafuni. Nilikuwa nimeisubiri nafasi kama ile miaka, nimwambie jambo la kumwumiza. Nikaukuta mdomo wangu unasema, "Hakuna, Mwalimu. Inang'aa."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Nainusa toka juzi," akasema. "Hata kuongopa mnafanya ovyo."

Basi nikaacha adabu. "Nipe hii moja. Niipeleke Kakuma. Wewe huwezi tena, na zinakufa hapa. Wale watu wataisafisha."

"Kwa nini?"

"Watu wanaihitaji, Mwalimu."

"Nauliza wataisafisha kwa nini. Kwa kitu gani?"

"Kwa msasa."

Uso wake uligeuka kidogo upande wangu, na nikaona kwamba anafikiria kweli, kwamba mlango umefunguka upana wa kidole.

"Msasa namba gani?"

Nilijua namba. Ya kuanzia, ya kati, na ile laini ya mwisho inayofanana na karatasi ya Biblia. Nilimuuzia mwenyewe miaka yote ile. Zilikuwa kwenye ulimi wangu, na kule Kakuma kulikuwa na watu wa kutosha wa kuipokea mashine. Lakini nilimtazama pale kitini, kidevu juu, akinisubiri kama alivyowasubiri wale vijana wenye tupa, na nikaona afadhali mashine zote nne ziliwe na kutu mpaka ziwe unga kuliko mimi kusimama mbele yake na kufaulu.

"Sijui," nikasema.

"Basi iache."

Nikaiacha.